Sifuri za Bibi Ramani

Bibi Ramani anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha utafiti wa bahari. Wasifu wa kumuagia ulikuwa umeshaandikwa, mtulivu kabisa. Kikao cha tarehe 4 Juni kiliufuta.

Alianza kama karani wa takwimu, katika chumba cha pembeni chenye feni inayolia zaidi kuliko inavyopuliza. Humo ndimo alimotengeneza programu inayotumia joto la maji, kina na chumvi kukadiria ngisi wanapoishi. Ramani yake hubandikwa gatini kila mwezi: palipo pekundu, nendeni, palipo peupe, msipoteze mafuta. Wavuvi huifuata bila kubisha. Mumewe husema mkewe anajua ngisi wote walipo, lakini hajui miwani yake ilipo.

Mwanzoni mwa Juni alikuwa akipanga madaftari ya zamani ili ayakabidhi. Akafikia msimu ambao meli yetu ya utafiti ilikuwa kwenye matengenezo na haikufika kaskazini. Visanduku vya kaskazini vilipaswa kuwa vitupu. Vilijaa sifuri, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mkuu wa kituo wa enzi hizo hakupokea fomu yenye nafasi wazi, basi yeye, karani, alijaza. Baadaye kompyuta ilizisoma sifuri hizo kumaanisha kwamba watu walikwenda, ngisi hawakuwepo. Ramani ikapaka kaskazini nyeupe, na kwa kuwa ilikuwa nyeupe, hakuna aliyerudi kupima. Miaka kumi na tisa.

Zilibaki siku ishirini na sita astaafu. Angeweza kulifunga daftari. Alisimama kikaoni akasema, "Sifuri hizi ni zangu. Kaskazini hatukwenda."

Katibu aliacha kuandika. Nahodha wa meli yetu ndiye aliyesema kwanza: "Mama, kumbe ndiyo maana unatukimbia?" Alicheka yeye peke yake.

Wiki iliyofuata meli ilikwenda kaskazini. Siku ya kwanza ilivua ngisi mia mbili na kumi na wanne. Nahodha aliwahesabu mara mbili kabla ya kushika redio: "Mama, wamejaa. Wamejaa tu!" Bibi Ramani alimtaka arudie idadi, akaiandika, kisha akavua miwani.

Fomu zetu sasa zina kisanduku kipya, alichokidai yeye: "Hatukwenda."

Asante, Bibi Ramani, kwa kazi yote, na kwa daftari ambalo hukulifunga. Kwenye fomu yako ya kustaafu, mbele ya "Mipango ya baadaye", umeacha nafasi wazi. Tumeipokea hivyo hivyo. Pumzika vyema, uishi kwa afya na furaha. Nafasi hiyo hatuijazi sifuri.