Kidole Kilichofunga Kwaresima: Kwa Mukarugwiza Illuminée Anayestaafu

Mukarugwiza Illuminée anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya samani hapa Mbugangari, na yote anayoyajua kuhusu chuma, shaba na namna ya kuvipaka nilimfundisha mimi, Bizumuremyi Wellars.

Bon, hiyo si kweli. Niliandika tu nione inavyokaa kwenye karatasi, na imekaa vizuri, lakini tayari nasikia watu wanacheka. Ukweli ni kwamba alipofika mwaka 1996 nilijua kupaka rangi moja tu, ile ya fedha, ya mageti. Kitanda kikitoka hapa, geti. Meza ya chai, geti. Rafu ya vitabu, geti lenye vitabu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nimesoma hadi darasa la tano, na hilo la tano niliingia kwa sababu mwalimu alichoka kuniona kwenye la nne. Donc, mkikuta makosa humu, mlaumuni patron wetu Habineza, aliyenipa kazi hii akidhani nitaandika mistari minne.

Kwa wageni mliokuja kwa ajili ya nyama za brosheti, nieleze kazi yake. Mtu akitaka rafu za vitabu, maseremala wanashughulikia mbao, sisi tunachomelea na kusugua chuma. Lakini kabla hatujagusa kitu, Mama Uwase, ndivyo tunavyomwita, anaandika karatasi. Karatasi inasema fremu iwe ya chuma gani, ipakwe nini, ing'ae au ising'ae, kingo zilainishwe kwa msasa gani, hata skrubu ziwe za rangi gani, maana kwake skrubu nyeupe kwenye chuma cheusi ni sawa na bwana harusi mwenye soksi mbili tofauti. Kabla ya kuandika anakwenda kwa mteja. Anaangalia dirisha liko wapi, jua linaingia saa ngapi, ziwa liko karibu kiasi gani. Tena anauliza vitabu ni vingapi, na swali hilo limewatoa jasho watu wakubwa wa mji huu.

Alikuja wakili mmoja kutoka Goma, akataka rafu za ukuta mzima ziwe za rangi ya dhahabu toka chini mpaka juu. Mama Uwase akamuuliza, "Vitabu iko ngapi, Maître?" Vilikuwa kumi na viwili. Akamwandikia chuma cheusi kisichong'aa, na ukanda mmoja wa shaba ya njano kwenye ubao mmoja tu, pale vitabu kumi na viwili vitakapokaa. Wakili aliondoka amenuna. Baada ya mwaka alirudi na vitabu mia mbili, akaomba aongezewe shaba.

Na mara moja tu, alipokwenda harusini Kigali siku tatu, tulitengeneza rafu bila karatasi yake. Tukaipiga kromu ikawaka kama sahani ya sherehe, tukaipeleka ofisini kwa mkuu mmoja wa shule. Kila saa nne asubuhi jua liligonga kromu likamrudia machoni. Wiki nzima yule mkuu aliamini kwamba Bwana anamwita. Mama Uwase aliporudi aliandika karatasi ya mstari mmoja: "Isuguliwe mpaka inyamaze."

Sasa mtihani, ambao nyinyi mnaopita barabarani mnauona mnadhani tunakula tu. Kila rangi mpya inapakwa kwanza kwenye kibati cha ukubwa wa kiganja. Mtu mmoja anakula sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa vidole, na chumvi yake na mafuta yake, hanawi, anabonyeza gumba kwenye kibati. Kibati kinaning'inizwa uani siku saba, kinapigwa na upepo wa ziwa. Siku ya nane Mama Uwase anakifuta. Alama ikitoka, anasaini. Alama ikibaki, rangi hiyo imekwisha habari yake, hata kama ilikuja na ndege kutoka Ulaya. Ukutani kwetu viko vibati mia nne na kumi na kimoja, na gumba la vyote ni hili langu. Ilipigwa kura ya kuchagua mkono wenye mafuta zaidi, nikashinda bila mpinzani.

Ndiyo maana mambo ya mwaka 2011 yananihusu.

Mwaka huo tulipata kazi kubwa kuliko zote: mita tisa za rafu kwa Daktari Cyiza, aliyekuwa amestaafu na kujenga Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji moto. Alitaka fremu za shaba ya njano zinazong'aa kama kioo. Kulikuwa na vanishi mpya ya kuikinga shaba isibadilike, na patron alikuwa anatembea uani akipiga mluzi. Mama Uwase akasema tuipime kwanza. Kibati kikaletwa, gumba langu likaitwa.

Tatizo ni kwamba ilikuwa Kwaresima. Mke wangu, Nyirasafari, alikuwa ameniambia mbele ya shemeji zangu, "We Wellars, bila sambaza? Utakufa Jumatano ya Majivu, saa sita!" Nikachukia. Nikaweka nadhiri ya siku arobaini bila sambaza, nikaificha, kwa sababu padri alisema anayefunga asijitangaze, na kwa sababu niliwajua wenzangu: wangenikaangia kila siku chini ya pua. Kwa hiyo nilibonyeza kibati kwa gumba safi kama la mtoto aliyetoka kubatizwa, nikanyamaza. Hiyo ndiyo mara pekee nilipomtii padri, na mnaona matokeo.

Siku ya nane Mama Uwase alifuta kibati. Kikang'aa. Akasaini.

Pasaka, Daktari Cyiza alikusanya ukoo. Wajukuu saba, sinia za sambaza, na kila mmoja akataka kuona rafu mpya za babu kwa mikono. Wiki tatu baadaye akatuita. Alama za vidole zilikuwa zimepenya vanishi, zimekuwa kahawia na kijani, toka chini mpaka pale mjukuu mrefu anapofika. Ilikuwa kama ramani ya nchi ambayo hakuna anayetaka kuihamia.

Patron alisimama katikati ya uani. "Nani alisaini?" Mama Uwase akajibu, "Ni mimi, patron." Patron akamwambia, rafu zikirudi hapa, aliyesaini atatoka kwa mlango uleule. Hakuwa anatania. Wakati huo Mama Uwase alikuwa na miaka kumi na mitano ya kazi, na mtoto wake Uwase alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo. Akaomba wiki moja tu.

Nilimfuata nyuma ya stoo nikamweleza yote: nadhiri, shemeji, gumba. Akasema, "We mzee! Kidole yako ilikuwa inafunga?" Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya rangi ambayo kifuniko chake hakikuwa kimebana, na ile sketi bado anayo. Nikamwambia nakwenda kwa patron kusema. Akanishika shati. "Gumba ni yako, lakini saini ni yangu. Sikukuuliza kama umekula. Wewe wangekufukuza leo hii, na Nyirasafari akuue kesho." Kisha akanipa sharti, na kwa sharti hilo nitamalizia.

Alitupeleka Nyamyumba mafundi watatu. Tukavua vanishi yote. Tukasugua shaba kwa limau na chumvi, ikabaki uchi, mimi nikadhani ataleta vanishi nyingine. Akaleta karai la sambaza! Akaita wajukuu wote saba, akaita mlinzi, akamwita Daktari mwenyewe, akasema kuleni, msinawe, shikeni kila mahali, pasibaki hata pa ukubwa wa sarafu. Mimi Kwaresima yangu ilikuwa imekwisha, nilikula sambaza wa siku arobaini kwa mkupuo. Siku tano tulikula na kushika, na mvuke wa maji moto ukipita madirishani. Shaba ikaanza kugeuka, kwanza kwa madoa, kisha madoa yakaungana, mpaka fremu nzima ikawa na rangi moja ya asali iliyokomaa. Siku ya sita tuliosha, tukakausha, tukapaka nta ya nyuki.

Daktari akavuta kiti akakaa mbele ya rafu zake. Mama Uwase alikuwa ameshika kitambaa cha nta, akifuta tena kona aliyokwisha kuifuta. Daktari akauliza, "Na wakizishika tena?" Akajibu, "Wazishike kila siku, Docteur. Ndiyo dawa yake." Mzee akainuka, akaweka kiganja chake kwenye shaba, akakiacha hapo. "Basi zibaki."

Hazikurudi, na Mama Uwase hakutoka. Ile rangi ameipa jina kwenye karatasi zake, Rangi ya Wajukuu, na imekwenda mpaka Bukavu na Kigali. Patron amekuwa akisema wazo lilikuwa lake. Leo, patron, baada ya kusoma haya, kaa kwenye kiti unywe maji. Aliyekuharibia zile rafu ni mimi.

Tangu siku ile, kabla ya kila kibati, Mama Uwase ananusa kwanza mkono wangu. Miaka kumi na minne! Hata mke wangu hajanishika mkono mara nyingi hivyo. Kazi yake anaichukua Belise, aliyesomea mapambo ya nyumba na anaandika karatasi kwa kompyuta, vizuri sana. Ila Belise samaki hali, hata harufu yake inamkimbiza. Kwa hiyo gumba langu haliendi pensheni, na kunusa ataanza kujifunza Jumatatu.

Mama Uwase, karakana nzima inakushukuru: wa mbao, wa chuma, hata wale uliowarudishia kazi mara tatu kwa sababu ya skrubu. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua lifike kitandani, uvuke kwenda Goma kwa dada zako bila kuangalia saa, na ukiingia nyumba ya mtu uone chuma kilichopakwa vibaya, Mungu akupe nguvu za kunyamaza. Sisi tutabaki tunakuulizia kila tukifungua ndoo ya rangi.

Sasa sharti letu. Nyuma ya stoo ulisema hivi: "Utasema siku nitatoka, mbele ya wote. Siku hiyo nitakuandikia karatasi ya etajeri yako." Ile rafu niliyojichomelea mwenyewe, ya ngazi tatu, yenye Biblia, kitabu cha kufuga sungura na kamusi ya Kifaransa inayoishia herufi M. Ulinikataza kuipaka chochote bila karatasi. Nimetii. Miaka kumi na minne iko uchi, na kutu imeshafika Kitabu cha Kutoka. Leo nimesema, mbele ya wote, kwa maandishi. Kalamu nimekuwekea kwenye bahasha yenye programu yako ya sherehe. Niandikie, tafadhali, kabla hujavuka geti. Vitabu ni vitatu, dirisha liko kushoto, na sambaza tunakula kila siku.