Nyundo ya Bibi Mwanvua

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, ndani ya basi la Mwandiga, mbele yangu bibi mmoja alikuwa amepakata nyundo. Kijana aliyeketi naye alimwamkia, akamuuliza atajiandikisha kwa jina gani huko kijijini.

"Mwanvua Mhunzi."

"Kwenu nani anafua chuma, bibi?"

"Hakuna. Baba alivua dagaa Kasingirima."

"Basi jiandikishe Mvuvi!" Vijana wa siku hizo walikuwa na jibu la kila kitu.

"Babu alivuka ziwa kutoka Kongo na nyundo hii tu. Kwetu mtoto hapewi jina mpaka aishike. Mimi niliishika. Karani ataandika Mhunzi, apende asipende."

Basi likasimama. Kijana, kwa adabu, akanyoosha mkono ampokee nyundo.

"Ukiishika," bibi akamwambia, "na wewe ni Mhunzi."

Mkono ukabaki hewani.