Mwalimu Sila Ndahani wa Darasa la Juu, Chilanje

Maneno haya yanasomwa na mdogo wake, Nikodemo Ndahani, nyumbani kwa marehemu, Chilanje katika Ugogo, siku ya maziko, Jumatano tarehe 10 Juni 1914.

Mtemi wetu, Bwana Padri, jumbe, wazee, akina mama, wanafunzi, nanyi mliotembea tangu alfajiri ili mfike: poleni kwa safari, na poleni kwa msiba ambao ni wetu sote.

Marehemu Sila alizaliwa hapa hapa Chilanje, yapata mwaka 1876, mtoto wa kwanza wa mzee Ndahani na mama Mbeleje. Mwezi hakuna aliyeuandika, ila mama yake alikuwa akisema ni wakati wa kupura uwele, na katika jambo hilo hakuna aliyethubutu kumbishia. Alikua akichunga kama kila mtoto wa kiume wa nchi hii. Mwaka 1891 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita, na kwa siku tisa zizi la baba yake likabaki samadi tupu. Mdogo wake Nikodemo alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Siku zile kijana asiye na ng'ombe wa kuchunga hakuwa na kazi, na asiye na kazi ndiye aliyepelekwa shule. Ndivyo Sila alivyoingia shule ya misheni mwaka 1892, mrefu kuliko wenzake wote darasani, magoti yakigusa kidevu. Karatasi hazikuwapo za kutosha, kwa hiyo alifanya mazoezi ya herufi kwa mkaa kwenye vibuyu vya maziwa vya mama yake. Mama alimfukuza kwa mwiko. Lakini baada ya siku chache akaona faida yake, akawa anavitambua kwa sura ya herufi na kuagiza: "Niletee kile chenye jembe, si kile chenye nyoka." Hakujifunza kusoma maisha yake yote, ila vibuyu vyake hakuvikosea. Sila alibatizwa tarehe 25 Desemba 1896, na mwaka 1909 alipelekwa pwani miezi kumi na moja kusoma Kijerumani na hesabu za juu. Alirudi amekonda, na masanduku mawili ya vitabu.

Alianza kufundisha shule ya Chilanje mwaka 1901. Tarehe 14 Julai 1902 alimwoa Loisi, binti wa hapa jirani, mwanamke asiyepindisha neno. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ruthu, Sostenes na Hana. Waliomjua wanajua kwamba alikuwa mtu wa haraka. Alikula haraka, alitembea haraka, na mwanafunzi aliyechelewa kujibu alimjibia mwenyewe kisha akamkaripia kwa kutojibu.

Shule yetu ilikuwa na madarasa manne tu. Aliyetaka kuendelea ilibidi aende pwani. Mwaka 1908 mwanafunzi wake hodari kuliko wote, Petro, alikwenda huko. Baada ya miezi sita ikaja barua kwamba amekufa kwa homa na amekwisha zikwa. Mwalimu Sila ndiye aliyeipeleka barua hiyo kwa mama wa kijana. Yule mama alimwuliza swali moja tu: "Nani alimfumba macho?" Tangu siku ile Mwalimu alitaka kitu kimoja, darasa la juu la miaka miwili hapa hapa Chilanje, mtoto asome na jioni arudi kwao.

Mwezi Novemba 1911 barua ya Bwana Shauri, mkuu wa serikali wa wilaya, ilifika kutoka Dodoma. Serikali ingekubali darasa la juu katika kituo kimoja tu cha upande huu. Chilanje ingepewa nafasi ya kwanza, kwa masharti mawili: baraza la nchi likubali kwa hiari yake, na nguzo za nyumba ya darasa ziwe zimesimama kabla ya tarehe 31 Desemba. Ikishindikana, darasa lingekwenda kituo kingine.

Hapo haraka yake ikamponza. Jumamosi tarehe 2 Desemba, kabla baraza halijakaa, Mwalimu alichimba mashimo katika kiwanja cha misheni na kusimamisha nguzo kumi na sita. Sisi wa hapa tunajua ilikuwa wiki gani. Dawa ya mvua ilikuwa imekwisha gawiwa kutoka kwa Mtemi, na tangu siku hiyo mpaka mvua ya kwanza ilowanishe ardhi hakuna anayechimbia nguzo Chilanje. Shimo la mbegu, ndiyo. Shimo la nguzo, hapana. Mwalimu alilijua hilo tangu utotoni. Alidhani kiwanja cha misheni hakihesabiwi.

Baraza lilikaa Alhamisi tarehe 7 Desemba. Mawingu yalikuwa yakija mchana na kuondoka jioni, na watu walikuwa wamekwisha panda kwenye vumbi. Jumbe alisoma barua. Bwana Zaidi, mwenye duka pale njia ya zamani ya misafara, alisimama kwanza.

"Mimi nina watoto wawili," alisema. "Sina haja ya kuwapeleka pwani wakasome kwa watu wasiowajua. Darasa lije."

Mzee Chidosa, msemaji wa wenye mifugo, alimtazama Mwalimu, si Zaidi. "Mwalimu, mwanangu, watoto wakikaa shule miaka miwili zaidi, nani atachunga?"

"Kwa zamu, mzee," Mwalimu alijibu. "Nusu leo, nusu kesho. Atakayekosa somo nitamfundisha mwenyewe jioni."

Wazee walinong'onezana. Vichwa vilianza kutikisika kwa kukubali. Nikodemo alikuwapo, na anakumbuka kaka yake alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili ili asisimame. Ndipo Mtemi, ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nguzo zile kule kwenye kiwanja, amezichimbia nani?"

Mwalimu angeweza kusema ni misheni, na misheni ina wenyewe. Angeweza kusema ni vibarua.

"Ni mimi, Mtemi."

"Mwiko ulikuwa huujui?"

"Niliujua."

Kelele zilizofuata hatuna haja ya kuzirudia. Wapo waliokuwa na mbegu yote ya mwaka ardhini, na mwenye hofu ya njaa hachagui maneno. Mtemi alinyoosha mkono, wakatulia. Alisema aliyechimba ang'oe kwa mkono wake, afukie, kisha alete kondoo mweusi wa tambiko la mvua, amkabidhi yeye mwenyewe barazani. Baraza litakaa tena baada ya siku saba, na bila hayo, neno la darasa lisiletwe tena mbele yake.

Jioni ile Padri alimwita Mwalimu. Bwana Padri yupo hapa na atasahihisha kama tunakosea. Alimwambia kwa upole, lakini alimwambia: kung'oa nguzo ni sawa, kondoo ni tambiko. Mwalimu akitoa kondoo atatengwa na meza ya Bwana, na hatafundisha tena katika shule ya misheni.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Mwalimu aling'oa nguzo zote peke yake, mikono ikatoka malengelenge, na watu walipita wakitazama bila kumsalimu. Bwana Zaidi alijitolea kumtoa kondoo yeye, kwa kuwa yeye kanisa halimhusu. Mtemi alikataa. Aliyechimba ndiye anayetoa. Nikodemo, aliyekuwa mzee wa kanisa licha ya ujana wake, alikwenda kumsihi.

"Kaka, nguzo umekwisha ng'oa. Kondoo acha. Darasa likienda kituo kingine si mwisho wa dunia."

"Kituo kingine ni siku nne kwa miguu," Mwalimu alijibu. "Mtoto akishikwa na homa, wa kwao watafika lini?"

"Na wewe utafundisha wapi?"

Loisi ndiye aliyejibu, akitwanga, bila kuinua kichwa. "Shemeji, mwache. Tangu afe yule mtoto halali vizuri. Afadhali akose kazi kuliko kukosa usingizi."

Alhamisi tarehe 14 Desemba Mwalimu Sila alifika barazani akimvuta kondoo mweusi kwa kamba. Alikuwa amevaa kanzu yake ya kufundishia. Alimkabidhi Mtemi mbele ya watu wote, akasema: "Mtemi, nilikosea nchi yangu. Mimi ni Mkristo na nitabaki Mkristo. Mvua inatoka kwa Mungu. Lakini mashimo yale niliyachimba mimi, nikijua mnaogopa, na hofu yenu sikuijali. Kondoo huyu ni wa kosa hilo."

Mtemi alipokea kamba. "Maneno yako ni yako," alisema. "Kondoo nimempokea."

Kisha akamgeukia Mzee Chidosa, naye Chidosa akasema watachunga kwa zamu. Hakuna aliyepinga. Jumbe aliandika, Mtemi akaweka alama yake. Mvua ilinyesha tarehe 19. Waliokuwa na la kusema walilisema, kila upande lake. Tarehe 20, matope yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, nguzo zilisimamishwa tena na wanaume wa Chilanje wenyewe, na ujumbe wa serikali uliokuja tarehe 28 ukazikuta.

Wazee watano wa kanisa walikaa mwezi Januari kuamua habari ya Mwalimu Sila. Wote watano, Nikodemo akiwamo, waliinua mikono kukubali atengwe. Jumapili tarehe 21 Januari 1912 barua ya kumtenga ilisomwa kanisani, na aliyeisoma ni Nikodemo, huyu huyu anayewasomea leo. Mwalimu alikuwa amekaa mstari wa tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka na Loisi, na tangu siku hiyo aliabudu akiwa amesimama nje, karibu na dirisha. Mara tatu aliambiwa aseme anajuta ili arudishwe. Mara zote alisema anajutia mashimo, kondoo hamjutii, na kusema uongo ili arudishwe kanisani hawezi.

Darasa la juu lilifunguliwa Jumatatu tarehe 5 Februari 1912, na Nikodemo, aliyekuwa akifundisha madarasa ya chini, akapewa kulifundisha. Kijerumani Nikodemo hakukijua. Hesabu za sehemu alizisikia kwa jina tu. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, ng'ombe wakiwa wanarudi zizini, alikwenda kwa kaka yake akasimama mlangoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi au kuomba somo?"

"Vyote."

"Tuanze na somo. Watoto wanaingia saa mbili."

Walianza na somo, na habari ya radhi hawakuirudia tena. Tangu jioni ile, miaka miwili na miezi minne, kila siku ya shule Nikodemo alikaa hapa kwenye kigoda akafundishwa somo la kesho, na kesho yake akalisema darasani neno kwa neno. Bwana Padri alimsifu Nikodemo mara mbili katika barua zake, akaandika kwamba amejaliwa kipaji. Nikodemo alizipokea sifa hizo na kukaa kimya. Aliogopa darasa lingefungwa, na kusema kweli alizipenda pia. Wanafunzi wa darasa la juu, mnaosimama pale, kila mlichojifunza mmefundishwa na Mwalimu Sila. Mtu mliyemwona amesimama nje ya kanisa ndiye mwalimu wenu.

Katikati ya Mei mwaka huu Mwalimu alikwenda kumsalimu mama yake Petro, kama alivyofanya kila mwaka, akalala huko siku mbili. Aliporudi alishikwa na homa ya papasi, kupe wanaouma watu usiku. Ilimwachia, ikarudi, ikamwachia, ikarudi tena. Dawa za misheni alipewa, na Bwana Padri alikuja kumtazama mara nne. Akiwa kitandani aliendelea kumfundisha mdogo wake, sauti ikififia, na alipochoka alimwandikia kwenye kiganja. Somo la mwisho alilitoa Jumamosi iliyopita. Alifariki jana, Jumanne tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, mkewe Loisi akiwa ameshika kichwa chake, na ndiye aliyemfumba macho. Kwa kuwa alikuwa bado ametengwa, tunamzika hapa uani kwake.

Bwana Padri, mambo haya ulikuwa huyajui, na umeyasikia mbele ya watu. Amua utakavyoamua juu ya Nikodemo. Kesho Alhamisi kengele itagongwa saa mbili, wanafunzi ishirini na mmoja wataingia, na somo la kesho halipo. Lile la Jumamosi, la kugawanya sehemu kwa sehemu, lilifundishwa juzi.

Marehemu ameacha mjane, Loisi, watoto, Ruthu, Sostenes na Hana, dada, Anyesi, mdogo wake, Nikodemo, anayemwomba radhi leo kwa kuwa alichelewa, na darasa la juu la Chilanje, ambalo hakuingia ndani yake hata siku moja.

Mungu ampokee Mwalimu Sila, ampe pumziko jema.