Mawese Ndani ya Katapila

Ndani ya basi la Musaga, Consolate alitega sikio. Salvator, dereva wa katapila ndogo kuukuu, alikuwa akimgombeza fundi Faridi: pampu aliyoitengeneza haifai, asubuhi mikono ya katapila inagoma, adhuhuri inanyanyuka kama ya walokole.

“We ulitia mafuta gani?” fundi akauliza.

“Mawese. Na hii ambargo, mipaka imefungwa, ya mashini nitatoa wapi?”

“Subhanallah! Mawese inaganda na baridi ya asubuhi! Pampu yangu iko nzima. Mwaga yote.”

“Apana! Bora nianike mashini ku jua.”

Consolate alipapasa chupa tupu ya mafuta ya kupikia kikapuni. Nyumbani maharage yalikuwa yameshazoea maji matupu.

“Wababa,” akadakia, basi likisimama Jabe, “mutamwagia wapi?”