Jina Lisilotwangika

Mwaka ule watu wanahamishiwa vijiji vipya, karatasi ziliadimika Korogwe nzima. Mhina akapata kazi kwenye karakana moja ya Manundu: kuloweka makaratasi ya zamani, kuyatwanga, kuyachuja na kuyaanika yawe mapya. Asubuhi moja alifika kwenye benchi la kahawa na karatasi moja mkononi, akakaa bila kusalimia. Walikuwepo Salimu, waliyemwita Redio, na Kaleb fundi cherehani, waliyemwita Sindano.

— Vipi, Mhina? Umefiwa? aliuliza Redio.

— Hebu ikunje hii.

Redio akaikunja. Ikakatika kama mkate mkavu.

— Mmeianika mno.

— Siyo jua. Zikitoka mbovu tunazirudisha pipani, na hii imetwangwa mara nne. Kila ukiloweka na kuanika, nyuzi zake zinafupika, zinakakamaa. Hazinywi maji vizuri, hazishikani tena.

— Changanya na katani mbichi, alisema Sindano. Mkonge umejaa tele hapa.

— Ndicho tutakachofanya. Lakini kwanza itazame kwenye mwanga.

Sindano akakiinua kipande kikubwa. Katikati, kwa wino wa zambarau uliofifia, palisomeka: Bernadina.

— Hapo hapakutwangika tu, alisema, lakini sauti ilikuwa imempungua.

— Nimetwanga mwenyewe, kwa mikono hii. Limetoka mara zote nne. Mwandiko uleule.

— Makaratasi yenyewe mliyatoa wapi? aliuliza Redio.

Mhina alikumbatia kikombe chake cha kahawa.

— Vitabu vya vijiji vilivyohamishwa, kule Kang'ata. Waliozaliwa, waliokufa. Tuliambiwa vimeshanakiliwa.

— Basi wamo humo pipani, alinong'ona Redio. Wanatafutana. Ndiyo maana nyuzi hazishikani, kila mtu kashika njia yake.

— Wewe Redio, zima! alisema Sindano.

Bibi mmoja, miguu imejaa vumbi la safari, alikuwa amesimama mbele yao.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Mimi Chausiku, nimetoka Kang'ata. Kijiji chetu cha zamani sasa ni shamba, hata makaburi ya wanangu siyaoni. Waliandikwa kwenye kitabu, Bernadina na nduguze. Nimeambiwa kitabu kililetwa Manundu. Kiko wapi?

Redio akatazama barabarani. Sindano akatazama viatu vyake.

Mhina akainuka, akampisha kwenye benchi. Bibi akashukuru, akakaa, akakunja mikono mapajani, akingoja kujibiwa.