Antipasi Ntandu, Msemaji wa Wake Waliotaka Kuondoka

Wazee wetu, mwinjilisti wetu, ndugu na majirani mliotoka Ilongero, Sepuka na Ikungi, shikamooni. Mimi ni Yunisi, mtoto wa kwanza wa marehemu, na baba zangu wadogo wamekubaliana niisome mimi historia hii, kwa sababu ni mwalimu na sauti yangu imezoea kufika viti vya nyuma.

Baba yetu, Antipasi Ntandu, alizaliwa Ilongero mwezi wa Mei, mwaka 1908, mama yake akiwa ametoka kuvuna uwele, akawa mtoto wa nne na wa kwanza kubaki hai, akakua akichunga ndama katikati ya yale mawe makubwa mnayoyajua, ambako alikuwa akilala juu ya jiwe lililopata jua, sikio likiwa chini, akiamini kwamba ndani yake kuna watu wanazungumza taratibu, na ndama wakaingia katika mashamba ya watu, akachapwa, kesho yake akalala tena palepale.

Alianza shule ya misheni mwezi wa Januari 1919 na kuimaliza Novemba 1923, akiwa ameweza kusoma, kuandika na kupiga hesabu, na walimu waliandika kwamba ni mtoto mtulivu mno. Mwaka 1924 alikwenda Itigi kufanya kazi ya kuwasha taa za kituo cha reli, akakaa huko miaka mitano na miezi minane, jioni akitembea na ngazi yake kutoka taa moja hadi nyingine huku abiria wakisubiri treni iliyochelewa, na huko ndiko alikogundua kwamba mtu anayesubiri humweleza mgeni mambo ambayo hajamweleza mtu wa nyumbani kwake, naye alisimama na kibiriti mkononi akawasikiliza mpaka giza likaingia na taa nyingine hazijawashwa.

Tarehe 3 Februari 1930 aliajiriwa kuwa karani wa baraza, kazi yake ikiwa kuandika mashauri, na katika kuandika huko aliona kwamba wanawake waliokuja kuomba kutengana na waume zao walishindwa si kwa kukosa haki, bali kwa sababu maumivu ya miaka kumi yaliwatoka yote kwa mpigo, mbele ya wazee wenye njaa ya mchana. Karani hakuruhusiwa kumfundisha mdai, kwa hiyo tarehe 31 Machi 1934 aliacha kazi na mshahara, jambo ambalo babu hakulielewa hadi anakufa, akawa msemaji wa watu.

Mnajua kwamba mawakili hawaruhusiwi katika mabaraza ya wenyeji, na mtu husemewa na ndugu yake tu, basi baba alijikuta ana undugu na nusu ya wilaya, huyu binti wa shangazi, yule mjukuu wa bibi mdogo, na mtemi aliyeongoza baraza alicheka akamwacha. Kila aliyemjia alimtaka aeleze shauri lake mara tatu, kwanza akiwa ameketi, kisha akiwa na kazi mikononi, na mwisho wakiwa njiani kuelekea barazani, naye hakumkatiza hata mara moja, na neno lile ambalo halikubadilika katika masimulizi yote matatu ndilo alilomwambia akaliseme, hilo tu. Waliobadilisha maneno aliwarudisha nyumbani kwa upole, na wengi wao hadi leo wanakaa na waume zao, wengine wamo humu wananitazama.

Tarehe 12 Agosti 1936 alimwoa kimila Damari binti Hango, wa Sepuka, wakajaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa mwaka 1937, Laurian mwaka 1940 na Elina mwaka 1943. Ndoa hiyo ilikuwa ibarikiwe kanisani, mwinjilisti alikumbusha kila mwaka, na kila mwaka palikuwa na shauri la mtu. Nami nasema wazi, baba hakuwa mkali, hakulewa, na chakula hakikupungua, ila alirudi nyumbani masikio yamejaa, akaketi mlangoni akitazama vumbi la ng'ombe likishuka na mwanga ukigeuka rangi ya udongo, na sisi watoto tulipita mbele yake kama watu wa ndotoni, akatutabasamia bila kutuuliza kitu. Nilimpenda na nilimwonea wivu kila mwanamke aliyekuja kuketi kwenye kile kibanda chake cha kupokelea wenye mashauri, kando ya nyumba.

Mwezi wa Septemba 1949 mama alijifunga kanga yake mpya, akatoka jikoni, akazunguka nyumba, akaingia kibandani kwa mlango wa wageni, akamwambia baba kwamba amekuja na shauri la kuachana na mumewe, na kwamba katika wilaya hii hamjui msemaji mwingine. Baba akamwomba aketi, aeleze. Alimsikiliza siku hiyo, akamsikiliza tena kesho yake mama akipepeta uwele, nami nikiwa ndani nilisikia sauti ya mama ikienda na kurudi kwa Kinyaturu, ndefu, bila kukatizwa, hadi nikasinzia.

Tarehe 14 walikwenda barazani Ikungi kwa miguu, mwendo wa saa mbili, ukungu ukiwa haujainuka mashambani. Mama aliniambia baadaye kwamba baba alipunguza hatua kila walipokaribia, akitumaini neno litabadilika, na yeye mama moyoni alikuwa ameapa kwamba mume wake akifungua kinywa na kusema lolote la kwake, hata habari ya mawingu, atageuka warudi nyumbani. Lakini baba alikuwa kazini, na katika kazi yake hakumkatiza mtu.

Barazani mama alisimama mwenyewe, akasema, "Mume wangu hajanipiga wala hajaninyima chakula. Ila kwa miaka kumi na mitatu sijui anawaza nini, na nimechoka kuishi na mgeni." Wazee wakacheka, wakasema hilo si shauri, na mtemi akamuuliza mume kama ana la kujibu, baba akasimama, akasema, "Ni kweli, mtemi. Nimemsikiliza mara tatu, na neno halikubadilika." Talaka ikatolewa siku hiyo, habari ya ng'ombe wa mahari ikamalizwa na wajomba, mama akarudi Sepuka kwa kaka yake, na baba hakuoa tena.

Mwezi wa Februari mwaka huu 1957 alianza kuugua kifua, akalazwa hospitali ya Singida wiki tano, kisha akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 20 Aprili alimtuma Laurian Sepuka, akamwambie mama kwamba sasa anao muda. Mama alikuja siku ya pili. Tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, baba alifariki dunia.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa Singida, majirani mliotuletea maji na kuni, wazee wa baraza mliofunga shughuli zenu leo, na wanawake wote aliowasemea, mliokuja bila kuitwa. Wazee waliniuliza asubuhi nitamtaja Damari binti Hango kwa cheo gani, kwa kuwa kisheria yeye si mjane. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba habari ya jiwe la Ilongero, ya ngazi na taa za Itigi, na tarehe nilizowasomea, mimi mwanawe sikuwa nazijua. Baba alimsimulia mama, kila alasiri, siku arobaini na tatu, na mama hakumkatiza.

Pumzika sasa kwa amani, baba, umekwisha kusema.