Norbert Sumaili Lutala, Ambaye Jina Lake Halikuwa Boyi

Mchungaji Elkana, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Peckham, ndugu na jamaa wote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Célestine, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnivumilie, kwa sababu kuna sehemu nitaisoma vizuri na kuna sehemu itanishinda.

Baba yetu, Norbert Sumaili Lutala, alizaliwa tarehe 12 Machi 1920 huko Kasongo, Maniema, mtoto wa tatu wa mzee Sumaili na mama Feza, akasoma kwa mapadri miaka sita, akatoka huko na mwandiko mzuri ambao wengi wenu mmeuona kwenye daftari la kanisa, maana hakukubali mtu mwingine aandike majina ya watu, alisema jina la mtu halikosewi.

Mwaka 1938 injinia mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao alimchukua hadi Brussels awe boyi wake, yaani wa kupika, kufua, kupiga pasi na kuwasha moto, na katika nyumba ile hakuna aliyemwita jina lake hata siku moja, ilikuwa Boyi njoo, Boyi leta, Boyi umelala? na yeye kusimama, mikono ubavuni, na kumwitikia bibi, ndiyo, Madame. Mwezi Mei 1940, Wajerumani walipoingia, bwana na bibi walikimbilia Ufaransa, wakamwachia funguo na mbwa.

Agosti 1942, Wayahudi walipoanza kukamatwa mtaani, baba alimfungulia mlango fundi cherehani wa nyumba ya pili, pamoja na mke wake, binti yao Fanny wa miaka minane na mtoto mchanga, akawaficha kwenye stoo ya makaa ya mawe chini ya nyumba, akawalisha watu wanne kwa kadi ya chakula ya mtu mmoja, yeye mwenyewe akila maganda ya viazi, hadi Septemba 1944 walipotoka wote wakiwa hai. Mwenye nyumba aliporudi akakuta makaa yamekwisha, akamfukuza kazi kama mwizi, jamani, shukrani ya punda ni mateke, na mwaka 1946 baba akapanda meli kurudi Kongo bila hata barua ya sifa.

Tangu 1947 hadi 1980 alikuwa karani wa stesheni ya reli ya Kindu, na tarehe 5 Julai 1952 alimwoa mama yetu, Priscilla, wakajaliwa watoto watano, ambao leo tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu Jules aliyeko Kindu, ambaye hakupewa viza ya kuja kumzika baba yake. Mama alifia njiani mwaka 1998 tukikimbia vita, na baba aliingia London tarehe 16 Novemba 1999, mzee wa miaka sabini na tisa, akaomba hifadhi, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena, na kila mwezi alivaa tai yake akapanda basi kwenda kupanga foleni kwenye ofisi ya uhamiaji na kutia sahihi, kuthibitisha kwamba hajatoroka, yeye aliyeficha watu wasio na karatasi miaka miwili bila kumwuliza mtu cheti.

Februari 2002 mchungaji alitusomea kanisani barua kutoka kwa Bi Fanny, yule binti wa stoo ya makaa, ambaye kumbe anaishi hapa hapa London, akimtafuta Mkongomani mmoja wa Brussels aitwaye Boyi, na mnakumbuka jinsi mlivyocheka, kwa sababu nani katika wazee wetu hakuwahi kuitwa boyi, mpaka baba aliposimama katikati ya kicheko kile akasema ni yeye, ila hilo si jina. Walipokutana, Bi Fanny alimkumbatia akilia Boyi, Boyi, baba akampigapiga mgongo, kisha akatoa kalamu akamwandikia majina yake yote matatu kwenye karatasi, na Bi Fanny akaitia mkobani.

Hapo ndipo ikaundwa kamati ya kumwekea kibao cha ukumbusho kwenye ukumbi wa jumuiya ya Wayahudi kaskazini mwa mji. Desemba 2003 wakatutumia maneno waliyoyatunga: kwa kumbukumbu ya Boyi, mtumishi mwaminifu Mwafrika, aliyeokoa familia ya Kiyahudi. Baba alichukua kalamu nyekundu, akakata Boyi akaandika Norbert Sumaili Lutala, akakata mtumishi, akauliza mtumishi wa nani, bwana si alikimbia, akakata hata aliyeokoa akaandika aliyeficha, akisema mwokozi ni mmoja, kisha akaniambia, mwanangu, iposti leo.

Sikuiposti. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, basi leo mbele ya jeneza lake siufichi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amenipigia simu, kwa adabu kabisa, akaniambia kwamba Boyi ni jina lenye mapenzi, kwamba wakifungua upya mjadala wa maneno kazi itachelewa mwaka mzima, na kwamba barua ya kumtetea baba kwenye ofisi ya uhamiaji ingetoka mara tu familia itakapoyakubali maneno yao, na wakili wetu naye alisema bila barua hiyo kabla ya kesi ya Machi, mzee anarudishwa. Nikaweka alama kwenye fomu yao, penye tumekubali, nikatia sahihi, na karatasi yenye wino mwekundu ikabaki mkobani chini ya sare yangu ya kazi.

Wiki iliyofuata alinipigia fundi aliyepewa kuchonga kile kibao, Bwana Mahendra wa Wembley, mzaliwa wa Kisumu, akaniuliza kwa Kiswahili, dada, samahani, hili neno ni boyi yule boyi wa jikoni, au ni jina la mtu, maana kwetu pia alikuwepo, nami naona haya kulichonga. Alinipa nafasi, mtu nisiyemjua, nami nikamjibu, andika tu.

Karatasi za baba zilitoka tarehe 20 Aprili 2004, tukapiga vigelegele. Jumapili tarehe 9 Mei pazia likavutwa, watu wakapiga makofi, baba akasoma kile kibao taratibu hadi mwisho, akanigeukia, akaomba koti lake. Kuanzia siku ile, kila nilipomwita alisimama, mikono ubavuni, akaniitikia, ndiyo, Madame. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akasema, ndiyo, Madame. Nilimletea chai, akasema, asante, Madame, mjukuu wake Raïssa akacheka akidhani ni utani wa babu, nami nikaenda kulia bafuni.

Mwezi Juni moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa tarehe 28, na Jumanne tarehe 13 Julai 2004, saa nne asubuhi, nilimshika mkono nikamwita, baba, akajaribu kuinuka kitandani ili asimame, hakuweza, akasema lile neno lake, akafariki akiwa na miaka themanini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa yetu waliotupikia, wenzangu wa nyumba ya wazee walionishikia zamu, na Bwana Mahendra, aliyechonga bila kuombwa hicho kibao kidogo cha shaba mnachokiona juu ya jeneza, chenye majina matatu. Kamati nimeiandikia ikitoe kibao chao, wamejibu kwamba watalijadili kwenye kikao cha Septemba, na Bi Fanny, uliyekaa hapo mbele, sikulaumu, wewe ulikuwa mtoto gizani, mimi nilikuwa mtu mzima mchana kweupe.

Norbert Sumaili Lutala, baba yangu, nimekuita kwa jina lako lote mbele ya watu, na safari hii nakusihi usisimame, usiniitikie, lala tu, upumzike kwa amani.